Nyumba moja, warithi wengi: namna ya kupanga urithi wa nyumba yako Dar es Salaam ungali hai

Pita mitaa ya Magomeni, Ilala au Tandika, hutakosa kukuta ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni atadhani mwenye nyumba amechoka kusumbuliwa na madalali. Mwenyeji anajua humo ndani kuna mirathi. Mzee kafariki, ndugu mmoja kamleta dalali asubuhi, mwingine jioni kaenda dukani kununua kopo la rangi.

Niliwahi kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yangu mdogo. Nyumba moja ya vyumba sita, watoto saba wa mama wawili, na mjane ambaye kila mtu alimwita "mama" mpaka siku ilipofika zamu ya kugawana kodi ya wapangaji. Hapakuwa na mtu mbaya pale. Palikuwa na mzee aliyeona kuandika wosia ni kujichuria, basi.

Kilichonichukua miaka kuelewa ni hiki: watoto saba hawawezi kugawana nyumba ya vyumba sita, ila wanaweza kugawana thamani yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nyumba nimwachie nani?", jiulize kama unataka kuacha nyumba au unataka kuacha pesa iliyomo ndani ya nyumba. Majibu haya mawili yana njia tofauti.

Hatua ya 1: Toa karatasi zote kabatini

Kisheria hakuna Mtanzania anayemiliki ardhi moja kwa moja. Ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inakupa haki ya kuitumia kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Soma hati yako uone ilianza lini na imebakiza mingapi. Ukimwachia mwanao nyumba yenye hati ya miaka 33 iliyobakiza minne, umemwachia pia kazi ya kuomba muda mpya.

Wengi wetu hatuna hati. Manzese, Mbagala, Vingunguti na kwingineko kulikojengwa kabla ya kupimwa, mtu ana leseni ya makazi, ambayo nayo ina tarehe ya mwisho, au ana mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, wenye majina ya mashahidi ambao nusu yao wameshatangulia mbele ya haki. Karatasi hiyo si bure, lakini inategemea watu wanaokumbuka. Kama mtaa wenu umepitiwa na urasimishaji (kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa), malizia michango yako na uchukue hati ungali na miguu ya kuifuatilia. Warithi wako wataifuata kwa gharama kubwa zaidi, huku wakinuniana.

Kagua na mambo haya. Jina lililo kwenye hati lifanane na la kitambulisho cha NIDA. "Juma Ally" wa kwenye hati na "Juma Ali Salum" wa kwenye kitambulisho ni watu wawili mpaka wakili aandae kiapo cha kuthibitisha kuwa ni mmoja, na kiapo hicho ni rahisi sana mwenyewe ukiwepo kukiapa. Lipa kodi ya pango la ardhi na utunze risiti. Usiichanganye na kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021. Nimeshaona mtu anaingia na rundo la risiti za umeme kuthibitisha kuwa nyumba ni yake. Risiti zile zinathibitisha tu kuwa taa ziliwaka.

Na kama hati bado ina jina la babu? Hapo simama. Huwezi kurithisha cha babu kabla mirathi ya babu haijafunguliwa na kufungwa. Nyumba nyingi za Kariakoo na Ilala zimekwama hapo hapo, vizazi viwili nyuma. Sheria haikufungii mlango kwa kuchelewa, ila ikiwa imepita miaka 3 tangu kifo, ombi la mahakamani linapaswa kueleza sababu ya kuchelewa.

Hatua ya 2: Toa kwanza sehemu ya mwenzako

Wanaume husahau hili, au hujifanya kusahau. Wosia unagawa mali yako tu. Kama nyumba mliijenga wawili, sehemu ya mkeo haimo kwenye urithi wako hata kama hati ina jina lako peke yako. Tangu 1983 Mahakama ya Rufani iliamua, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Lile lilikuwa shauri la talaka, lakini limebadilisha namna tunavyolitazama neno "mchango". Tena Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakuzuia kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako. Hiba (zawadi unayotoa ungali hai) ya siri kwa mtoto wa nje haitasimama.

Kama mna nia ya kuwa abaki na nyumba yule atakayebaki hai, iandikisheni kwa majina yenu wawili, na hati iseme wazi aina ya umiliki. Kuna umiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifariki haki yote inahamia kwa aliyebaki. Kuna umiliki wa hisa, ambapo sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi yake. Msiposema lolote, sheria inawachukulia wanandoa kuwa na umiliki wa hisa. Tofauti hiyo ya maneno machache ndiyo inayoamua kama mjane atalala kwake au ataitwa kwenye kikao.

Hatua ya 3: Jua ni sheria ipi itakayokugawia usipoandika

Tanzania ina sheria tatu za mirathi zinazotembea sambamba: ya Kiislamu, ya kimila na ya serikali. Mahakama hutazama dini ya marehemu na namna alivyoishi. Chukua mfano wa nyumba ya milioni 180, iliyo yako kweli baada ya kutoa madeni na sehemu ya mwenzako, nawe una mke mmoja, watoto wa kiume wawili na binti mmoja.

Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumuni (moja ya nane), milioni 22 na nusu. Inayobaki wanagawana watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike: milioni 63 kila kijana, milioni 31 na nusu binti. Wazazi wako wakiwa hai hesabu inabadilika, maana kila mmoja ana sudusi (moja ya sita) yake.

Kwa sheria ya serikali, ambayo bado inatumia Sheria ya Urithi ya India ya 1865 (ndiyo, 1865), mke anapata theluthi, milioni 60, na watoto wanagawana sawa, milioni 40 kila mmoja.

Kwa sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane mwenye watoto hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Soma sentensi hiyo tena kama una mke na unaendelea kuahirisha wosia.

Hatua ya 4: Chagua njia

*Wosia.* Ndiyo njia ya kawaida na ya bei nafuu, na unaweza kuubadilisha mpaka siku ya mwisho. Uzuri wake kwa nyumba ni kwamba unakuruhusu kutenganisha kuishi na kumiliki. Unaweza kuandika kwamba mkeo aishi na kukusanya kodi ya wapangaji maisha yake yote, kisha nyumba iuzwe na pesa igawanywe. Unaweza pia kusema mtoto mmoja aichukue kwa sharti la kuwalipa wenzake fungu lao katika muda fulani, kwa bei itakayotolewa na mthamini aliyesajiliwa. Sharti hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamaliza ule ubishi wa "hii nyumba kuna mtu anataka kuinunua milioni mia tatu", mtu ambaye haonekani siku ya kulipa.

Kwa Mwislamu wosia una mipaka: hauzidi theluthi ya mali, na haumwendei mtu ambaye tayari ni mrithi, ila warithi wengine wakiridhia. Kwa hiyo unamfaa mjukuu aliyefiwa na baba yake, mtoto wa kulea, au msikiti.

*Hiba.* Hapa unatoa ungali hai. Mwislamu anayetaka kumpa binti zaidi ya fungu lake, mlango wake ni huu. Hiba haikamiliki kwa maneno: inataka kutoa, kupokea na kukabidhi. Mzee aliyetamka hiba mbele ya jamaa wakati wa futari, kisha akaendelea kupokea kodi ya vyumba vyote miaka kumi, amewaachia warithi kesi. Kabidhi kweli, badilisha jina kwenye hati, ridhaa ya mwenzako iwemo, ushuru wa stempu ulipwe. Lakini ujue ukishatoa umetoa. Mwanao akikopa benki kwa hati hiyo na kushindwa kulipa, wewe ndiye utakayehama. Ndiyo maana mimi humshauri mzee mwenye nyumba moja tu asiitoe yote kwa hiba, hata kama mtoto ni malaika.

*Kuuza ungali hai.* Watu wanaona aibu kuuza, kama vile ni kushindwa. Lakini wazee wawili waliobaki kwenye nyumba kubwa ya Sinza au Upanga, watoto wote wamejenga kwao, wanaweza kuuza, wakajenga ndogo Goba au Kigamboni, na tofauti wakaigawa kwa mkono wao wenyewe huku wanaona nani anafanya nini nayo. Pigeni hesabu ya kodi kabla ya kupokea malipo ya awali: kwa kanuni ya kawaida TRA hutoza mkazi 10% ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua na kujenga. Kwa hiyo risiti za saruji na nondo zina thamani. Makazi binafsi uliyomiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi hayatozwi, mradi faida isizidi shilingi milioni 15. Kwa upande mwingine, Tanzania haina kodi ya urithi. Atakayekwambia utatozwa asilimia fulani ya nyumba kwa sababu tu baba amefariki, anataka hela yako.

*Ubia na mjenzi.* Ni habari ya Kariakoo zaidi. Familia ina kiwanja na nyumba ya zamani, mwekezaji anajenga ghorofa, familia inapata idadi ya sehemu. Tangu sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, kila sehemu inaweza kuwa na hati yake, na hapo ndipo kitu kisichogawanyika kinapogawanyika: kila mtoto na hati yake. Hatari ipo kwenye mkataba. Tafuta wakili wenu, asiwe aliyeletwa na mwekezaji, na andikeni itakuwaje ujenzi ukikwama ghorofa ya pili.

*Wakfu.* Kwa Mwislamu anayetaka mapato ya nyumba yaende kwenye madrasa, yatima au hata kizazi chake. Ukishaiweka wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Ni njia nzuri kwa mwenye nyumba ya pili.

Kampuni nayo ipo: nyumba inamilikiwa na kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), na watoto wanarithi hisa. Kwa mwenye majengo kadhaa ya biashara inaleta maana. Kwa nyumba moja ya Tabata ni kujitafutia hesabu za kila mwaka.

Mtoto aliye ng'ambo ana shauri lake. Kama amechukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania ameupoteza, kwa kuwa hatuna uraia pacha, na kwa kanuni ya kawaida Sheria ya Ardhi hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji; kuhusu hadhi maalumu ya diaspora, muulize wakili. Usikimbilie kumwandikia nyumba. Mwandikie pesa: "sehemu ya mwanangu aliyeko Uingereza ilipwe kwa fedha baada ya uthamini."

Hatua ya 5: Andika, na uandike vizuri

Taja mali kwa namna ambayo haiwezi kuchanganywa: namba ya kiwanja, kitalu, mtaa, kata, wilaya, namba ya hati au leseni. "Nyumba yangu ya Kimara" haitoshi kama una mbili. Taja warithi kwa majina kamili na mama zao. Kama kuna mtoto ambaye familia haimjui, mtaje sasa. Atakuja tu, na akija siku ya arobaini atakuja na mwanasheria.

Mashahidi hutegemea sheria inayokuhusu. Kwa sheria ya serikali unahitaji wasiopungua wawili, na shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi, maana alichoachiwa kitabatilika. Kwa sheria ya kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unataka angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma, wanne. Wosia wa mdomo unakubalika kimila, nao unataka wanne, wawili wa ukoo. Nasema unakubalika, sisemi uutegemee.

Weka tarehe. Saini kila ukurasa. Ukitaka kumnyima mtoto, kimila lazima utoe sababu, na mahakama inaweza kuipima. Hasira ya siku moja haiitwi sababu. Na usimsahau aliye chini ya miaka 18: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya kutosha katika mali ya mzazi wake. Nyumba ikimwangukia mdogo, taja mtu mzima wa kumshikia.

Kwa anayefuata sheria ya serikali, ndoa mpya inafuta wosia wa zamani. Ukioa au kuolewa tena, andika upya.

Hatua ya 6: Msimamizi

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu, wala si mwenye nyumba mpya. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kutoa hesabu. Akiteuliwa, msajili wa hati anaweza kuandika jina lake kwenye hati, lakini linaandikwa kwa cheo chake cha usimamizi. Kaka mkubwa akishaona jina lake pale, hapo ndipo majaribu yanapoanza.

Chagua mtu anayejua kusoma mkataba, anayekaa Dar, na asiyekuwa na njaa ya nyumba hiyo. Mara nyingi binti wa kati anafaa kuliko kifungua mimba, lakini vikao vyetu vya ukoo humpita bila kumwona. Ukimtaja kwenye wosia, kikao hakina haja ya kupiga kura. Taja na wa akiba, maana wa kwanza anaweza kukutangulia. Kama humwamini yeyote, Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ndiye mkuu wa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), anaweza kuibeba kazi hiyo.

Mweleze njia atakayopita: cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha familia kama hakuna wosia, kisha ombi mahakamani. Mirathi ya Kiislamu na ya kimila inaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi; ya sheria ya serikali inaanzia mahakama za juu yake. Kwa jiji hili kuna pia Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichopo Temeke, ambako mashauri ya mirathi na ndoa yamekusanywa pamoja. Tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akishateuliwa, Mahakama ya Mwanzo inamtaka awasilishe orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 4. Kwenye mahakama za juu, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka. Mjane wa Kiislamu akiwa ndani ya eda ya miezi 4 na siku 10, asiburuzwe kusaini kitu.

Mjane au mtoto anayehofia nyumba kuuzwa kinyemela anaweza kuomba zuio liwekwe kwa msajili wa hati. Linafanya kazi kuliko rangi nyekundu.

Hatua ya 7: Weka mahali panapofikika

RITA huandaa na kuhifadhi wosia. Wakili au benki nao wanaweza kukutunzia. Usiuweke kwenye begi lililo chini ya kitanda ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja, hasa kama mtu huyo ni mrithi. Si lazima wasomewe yaliyomo, lakini watu wasiopungua wawili wasiokuwa na urafiki wa karibu wajue wosia upo na uko wapi.

Kisha andika ukurasa mmoja wa pembeni, usio wosia: wapangaji ni nani na kila mmoja amelipa mpaka mwezi gani, mkopo upo benki gani na kama una bima ya kuufuta ukifariki, fundi gani anajua shimo la choo liko wapi, mpaka wa kiwanja na jirani ulikubaliwa mbele ya nani. Baba mdogo hakutuachia ukurasa huo. Bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja) ya upande wa mashariki tuliitafuta wiki tatu, ikapatikana chini ya banda la kuku la jirani.